Siku Mtani Aliponipa Heshima

Siku jirani yangu aliponisalimia kwa adabu, nilirudi ndani nikafunga mlango.

Jirani huyu ni Myao, mimi ni Mmakonde. Nyumba zetu zinatazamana hapa Mtwara mjini, katikati pana njia ya mchanga ambayo mvua ikinyesha inakuwa mfereji. Tangu tulipokuwa vijana hajawahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Akifungua dirisha asubuhi anaanza: "Ewe mla panya! Hujafa tu?" Nami namjibu kwamba siwezi kufa kabla sijamfundisha kazi, maana Myao kazi anazozijua ni mbili, kucheza ngoma na kuoa. Majirani wageni, hawa wanaotoka mikoa ya bara kuja kufundisha au kufanya kazi bandarini, huwa wanashtuka. Mwalimu mmoja aliwahi kutoka mbio na mswaki mdomoni, kaja kutuamua tusipigane. Tukamtukana na yeye, basi akajua amefika.

Huo ndio utani wetu watu wa kusini. Ulianzia wapi, kila mzee ana hadithi yake, na mimi siamini hata moja. Ninachojua ni kwamba mtani anakutukana bila kosa, anaingia jikoni kwako bila hodi, na ukifiwa anakuja kukuvurugia msiba mpaka ucheke ukiwa na machozi. Akifa yeye, unamfanyia hivyo hivyo.

Sasa siku hiyo alifungua dirisha, akanitazama, akasema, "Habari za asubuhi, mzee wangu. Umeamkaje?"

Mzee wangu! Mtu wa rika langu, mwenye mvi nyingi kuliko zangu!

Nikasema nimeamka salama. Nikaingia ndani. Nilikaa kitandani nikajiuliza nimemfanya nini mtu huyu, au yeye anataka kunifanya nini. Mimi si mtu wa kuamini vitu vizuri vinavyokuja bila kuitwa.

Sijasoma. Niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nilikuwa nakwenda siku ambazo hakuna kazi shambani. Ninachoandika hapa nimekiandika polepole, na neno linalonishinda naliacha. Lakini nina nyumba ya tofali, nina mabwawa ya chumvi upande wa Mikindani, na watoto wangu wote wamesoma kwa chumvi hiyo. Nilianza kwa kubeba viroba vya chumvi vya watu wengine, mgongo umechubuka, chumvi inaingia kwenye kidonda, unalia huku unatembea. Hakuna aliyenishika mkono. Mtani wangu tulikutana hapo hapo kwenye viroba. Siku ya kwanza aliniona ninalia akasema, "Huyu Mmakonde anajikolea chumvi mwenyewe, tukimchemsha hatuhitaji kiungo." Nikamrushia koleo. Ndiyo tukawa marafiki.

Tusi lake kubwa kwangu lilikuwa la mto. Wazazi wangu walivuka Ruvuma wakitoka Msumbiji, kule chini mto unakokaribia kumwagika baharini, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Walikuwa wanakimbia vita. Wakafikia kijiji cha Ziwani, wakapewa mahali pa kulima muhogo, baadaye wakapanda mikorosho, na wote wawili wamezikwa huko huko. Mimi huo mto siukumbuki. Lakini mtani wangu alikuwa haniachii. Nikishinda bao, nikinunua baiskeli, nikiezeka bati, yeye hupiga kelele mtaa mzima usikie: "Mtazameni huyo wa ng'ambo! Miguu haijakauka maji ya Ruvuma anajifanya mwenyeji!" Watu wanacheka, mimi nacheka, namwambia babu yake aliletwa pwani amefungwa kamba. Maneno hayo ukimwambia mtu mwingine mnafikishana polisi.

Mtu wa mjini anajulikana kwa watu anaokaa nao. Kuna wanaojulikana kwa msikiti, kuna wa kanisani kule karibu na shule, kuna mama zetu wa vikoba, kuna watu wa Mikindani ambao wakianza kutaja mababu zao chai inapoa. Mimi sikuwa na babu wa kutaja mjini hapa. Nilikuwa na kijiwe cha kahawa, nilikuwa na chama cha kuzikana, na nilikuwa na mtani. Mtani ndiye aliyeniingiza huko kwingine kote. Aliposimama kijiweni mara ya kwanza akasema, "Nimewaletea Mmakonde, msimwachie kuku zenu," nikawa nimeshakaa. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi, kwa sababu ilishatangazwa.

Kwa hiyo muelewe nilivyoshtuka aliponiita mzee wangu. Mke wangu alikuwa amekufa, arobaini imepita majuzi tu; siku zile za msiba mtani hakunitania, nikadhani ananiachia nilie. Mimi ndiye niliyekuwa nafuata. Mtu akizikwa hapa kwetu bila mtani wa kumlalia njiani na kudai jogoo, anakuwa kama kiroba kilichoshushwa kwenye lori. Nilikuwa nimeona maziko ya namna hiyo, ya watu wasio na wenyeji. Watu wanafanya haraka, wanakung'uta mikono, wanakwenda zao.

Nikasema nichunguze kwanza.

Nilikwenda kijiweni. Zamani nikitokea, mtu wa kwanza kuniona hufunika kikombe chake akisema mwizi huyo. Safari hii walinyamaza. Kisha mmoja akainuka, akanipisha kiti cha plastiki chenye mikono. Mimi nakaa kwenye gogo la mnazi, miaka yote, gogo lina alama ya makalio yangu. Nikakaa kwenye kiti kama mgeni rasmi. Muuza kahawa akafuta kikombe kwa kitambaa kabla ya kunimiminia. Hajawahi kufuta kikombe cha mtu tangu nimjue.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikauliza.

"Ah, mvua tu, mzee wetu."

"Mvua ya wapi? Kiangazi hiki?"

"Ndiyo hiyo, kwamba hakuna."

Tukacheza bao. Nikashinda. Tukacheza tena, nikashinda tena. Mtani wangu alikuwa anacheza nami mwenyewe, na anajua bao kuliko mimi, hilo naliandika kwa shida. Niliona kwa macho yangu mkono wake unaacha shimo lililojaa kete unakwenda kwenye shimo bovu. Alikuwa ananiachia. Nilipomaliza akasema, "Hongera, mzee wangu, unacheza vizuri."

Nilitaka kumpiga na ubao.

Kutoka hapo nikawa silali vizuri. Nilianza kuunganisha mambo. Mwenyekiti wa mtaa, kijana mmoja mpole, alikuwa ameniuliza wiki ile tunatoka msikitini, "Hivi mzee, wewe asili yenu hasa ni wapi?" Nikamjibu Ziwani. Akasema, "Ziwani yenyewe?" Niliona kama amekaza neno lile. Na tangu gesi ianze kuchimbwa kule Mnazi Bay, viwanja vimepanda, watu wenye miwani ya jua wanapita na mikanda ya kupimia. Nyumba yangu iko kona, inatazama njia mbili. Mtu akitaka kona hiyo, na mwenyewe ni wa ng'ambo, na watu wa kushuhudia wapo…

Na shahidi mkubwa ni nani? Ni yule aliyetangaza mtaani miaka yote kwamba miguu yangu haijakauka.

Hapo ndipo akili ilipoharibika. Nilianza kuyasikia matusi yake yote upya. Nikajiuliza, je, siku zile alikuwa anatania? Au alikuwa anaweka akiba? Siku nilipoezeka bati, alicheka wakati anasema, lakini alicheka na macho? Nilimkumbuka kwenye harusi ya binti yangu, alivyosimama mbele ya bwana harusi akasema, "Unaoa ng'ambo, kijana, ukigombana na mkeo uwe na mtumbwi." Ukumbi wote ulianguka kwa kicheko. Sasa nikawa natafuta katika kumbukumbu nani hakucheka.

Kitambulisho changu cha taifa kilikuwa kabatini. Nikakitoa nikakifukia kwenye debe la mchele. Kesho yake nikaona debe la mchele ndipo kila mtu angetazama kwanza, nikakihamishia kwenye mto wa kulalia.

Nikampigia simu mwanangu mkubwa. Yeye anafanya kazi ofisini Dar es Salaam. Tangu sekondari alikuwa shule za bweni, likizo alikuwa kwa mjomba wake, kwa hiyo mtaa wetu anaujua kama mtu anavyojua stendi. Nikamwambia watu huku wamebadilika, wamekuwa na heshima.

"Sasa baba, si ndiyo vizuri?" akasema. "Wamestaarabika."

"Wamestaarabika kwa nini?"

"Watu wanajifunza, baba. Achana nao."

Nilitazama ile simu baada ya yeye kukata. Mwanangu hana kawaida ya kukata haraka.

Siku zikaenda hivyo. Mtani wangu ananisalimia, mimi namjibu. Mkewe, shemeji yangu, ambaye zamani alikuwa akinitupia maji ya vyombo nikipita, sasa ananiletea futari ya muhogo kwenye sinia lililofunikwa kawa, anapiga hodi mara tatu, anasubiri nje. Nilikuwa naionja kidogo kwanza, naisubiri, ndipo nakula. Mnaweza kucheka. Mtu aliyejenga peke yake analinda peke yake.

Kisha dada yake mtani akafa.

Dada mkubwa, aliyemlea. Mtu wa kwanza kupelekewa habari ya kifo anatakiwa awe mtani, ili ajiandae kuvuruga. Mimi niliisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, pamoja na watu wote, nikiwa nanyoa ndevu. Nyumba iko mbele yangu! Niliona watu wanabeba viti kuingia pale, na hakuna aliyevuka ile njia ya mchanga kuja kuniambia.

Nikavaa kanzu nyeupe, nikatoka. Sikwenda moja kwa moja. Nilizunguka kona, kwa yule mama muuza vitumbua, nijipe muda. Huyu mama ni Mmakua, mjane, ameweka meza yake hapo tangu mke wangu yupo hai, na walikuwa marafiki. Anajua kila kitu na anasema nusu yake.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo, mzee wa chumvi?"

"Msibani."

"Unakwenda kama nani?"

Nikamwuliza swali gani hilo.

"Nauliza," akasema, huku anageuza vitumbua. "Unakwenda kama jirani au unakwenda kama mtani? Jirani anakaa kwenye mkeka. Mtani ana kazi."

"Utani wamenifukuza," nikasema. "Kimya kimya. Wananiita mzee wangu."

Akaacha kijiti chake. "Wamekufukuza wao, au mmewafukuza ninyi?"

"Sisi nani?"

Alinitazama muda mrefu, na mimi nikamtazama, maana nilidhani na yeye yumo. Kisha akasema, "Kumbe hujui. Haki ya Mungu, hujui."

Ndipo akaniambia. Siku ya msiba wa mke wangu, mimi nikiwa chumbani na shehe tunapanga habari ya kaburi, mtani wangu alitokea uani amejifunga kanga ya marehemu, ile nyekundu. Akaanza kumwiga mke wangu anavyonigombeza: mkono kiunoni, shingo upande, "We mzee, chumvi umeiacha mabwawani au umeileta yote kitandani?" Kina mama waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na kulia pamoja. Mwanangu, ameshuka kwenye basi muda ule ule, begi bado begani, akaingia na kuona mwanamume mzima kavaa nguo ya mama yake na watu wanacheka. Akamshika mkono mbele ya wote, akamvua kanga, akamsindikiza mpaka nje. Akamwambia, "Mzee, tunaomba heshima. Hapa ni msibani."

"Akajibu nini?" nikauliza.

"Alisema tu, 'Sawa, mwanangu. Heshima mtaipata.' Akaenda akakaa na wageni. Watani wote wakamfuata wakakaa na wageni."

Nilikumbuka maziko ya mke wangu. Niliona siku ile hakuna aliyezuia jeneza, hakuna aliyedai jogoo. Nilidhani wananihurumia.

"Na ile kanga," mama akaendelea, sauti imeshuka, "mkeo ndiye aliyemchagulia. Alipokuwa anaumwa, alimwambia mbele yangu, 'Uvae ile nyekundu, usivae ya maua, imepauka. Na usiniige vibaya.' Walicheka mpaka akakohoa."

Nikakaa kwenye benchi lake. Vitumbua vikaungua, hakuvigeuza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua umemtuma mwanao."

"Mimi?"

"Wote tulijua umemtuma. Tulisema, amejenga, amesomesha, mke kafa, sasa ameona sisi hatufai. Mbona tulipokupa kiti cha plastiki ulikaa?"

Ni kweli nilikaa. Wao walikuwa wananipima kwa kiti na mimi nawapima kwa kikombe kilichofutwa, na kila mmoja alipata alichokuwa anakitafuta.

Nikainuka. Toka pale mpaka kwa mtani si mbali, lakini nilitembea kama mtu anayevuka matope. Nikienda kama jirani, nitakaa kwenye mkeka, nitakula pilau, nitasema Mungu amlaze pema, nitarudi nyumbani, na siku yangu ikifika watanizika kwa heshima. Nikienda kama mtani na wao wameshafunga mlango, nitakuwa mzee mpumbavu aliyefanya vurugu kwenye msiba wa watu. Mwanangu angalau alikuwa hajui. Mimi nisingekuwa na la kujitetea. Na yule mama, je, kama amenidanganya? Kama wamemweka pale anipe maneno hayo ili niaibike mbele ya mtaa? Hilo nalo nililifikiria. Msinilaumu, nilikuwa nimeishi na mashaka miezi, hayaondoki kwa kitumbua.

Jeneza lilikuwa linatoka. Kitambaa cha kijani, vijana wanapokezana bega, mtani wangu mwenyewe mbele kushoto, uso umevimba. Nikafika katikati ya njia ya mchanga. Nikakaa chini. Na kanzu yangu nyeupe, nikakaa chini.

"Haipiti!" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikakohoa, nikarudia. "Haipiti hii! Huyu mwanamke aliniahidi tutaoana, leo ananikimbia mchana kweupe! Hapiti mpaka mnipe jogoo!"

Hakuna aliyecheka.

Sijui kama mnajua kimya cha watu wengi wakiwa wamesimama na maiti. Shehe wetu, ambaye mambo haya hayapendi, alitazama nyaya za umeme. Yule mwalimu wa zamani, wa mswaki, ambaye sasa ni mwenyeji kuliko wenyeji, alikuwa nyuma na hakusogea. Wote walikuwa wanamtazama mtani wangu.

Naye akasema, polepole, "Mzee wangu, tunaomba njia."

Niliwahi kudondokewa na kiroba kifuani pale mabwawani. Kiroba kilikuwa na nafuu. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshajikunja kuinuka. Ningesimama, ningekung'uta kanzu, mambo yangeisha hapo na mimi ningeisha hapo.

Badala yake nikalala chali. Nikanyoosha mikono njia nzima.

"Hiyo heshima yako," nikamwambia nikiwa natazama mbingu, "kaiweke kwenye mtungi wa mkeo muoshee miguu. Mimi sikukuomba heshima! Aliyekuomba hakuwa mimi! Mimi nilikuwa chumbani na shehe, mwulize huyo anayehesabu nyaya! Myao mkubwa wewe, kutukana umesahau, kazi hujui, sasa umebaki na nini?"

Nikasikia jeneza linapokewa, kijana mwingine anachukua bega lake. Nikasikia hatua kwenye mchanga. Akasimama juu yangu, akanizibia jua, siuoni uso wake. Ndala zangu zilikuwa zimetoka. Akainama akatazama miguu yangu.

"Shehe," akasema, "ni kweli alikuwa na wewe?"

"Ni kweli," shehe akasema. "Na sasa mtoe, swala inachelewa."

Mtani wangu akashika miguu yangu yote miwili akainyanyua juu watu waione.

"Tazameni!" akapiga kelele, na sauti ilikuwa imepasuka. "Tazameni miguu ya mtu wa ng'ambo! Mpaka leo haijakauka! Mla panya huyu anataka kumpelekea dada yangu matope ya Ruvuma kaburini!"

Akaniburuta. Mwenyewe, mzee vile, akaniburuta mpaka kwenye ukuta wangu, kanzu ikachanika, mchanga ukaingia kila mahali, na nyuma ya ua nikasikia kina mama wameachia kicheko kama maji yaliyozibwa. Shemeji yangu alitoka na ndoo akanimwagia maji ya vyombo. Mtani alikuwa analia waziwazi huku ananitukania mababu, na mimi nilikuwa nalia huku namtajia wa kwake.

Aliponiachia, akainama karibu na sikio langu. Akasema, bila mzaha, "Na yule wa heshima, aje."

Jogoo sikupewa. Jioni niliingia bandani kwake nikajichukulia.

Mwanangu nilimpigia simu siku ile ile. Sikumgombeza sana. Alisema, "Baba, nilikuwa namtetea mama." Nikamweleza habari ya ile kanga nyekundu na nani aliichagua. Safari hii mimi ndiye niliyekata.

Alikuja kwenye arobaini ya dada yake mtani. Alikuja na mkewe, mwanamke wa bara, mstaarabu, mwenye kushika pochi kwa mikono miwili. Hakuna aliyempa kiti. Mtani wangu alimvalisha mwanangu kanga kiunoni akampeleka jikoni kwa kina mama, akapepete mchele, mtu wa ofisini, na kila punje iliyoanguka ilihesabiwa kwa tusi. Mkewe alinitazama kama anauliza akimbie au akae. Nikamwambia akae.

Baada ya kula, mtani akasimama mbele yake. Watu wakasogea. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nikaweka kikombe cha chai chini, maana nilijua ni mimi nitakayezungumziwa, kaburi langu.

"Wewe wa heshima," mtani akasema. "Baba yako huyu mchafu akifa, mimi nitalala kaburini mwake. Nitaingia humo nitajinyoosha. Nitalala na viatu. Utanitoa kwa adabu gani?"

Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona shingo yake imekaza, ile shingo ya mama yake akiwa na hasira. Nikasema basi, tumerudi pale pale, atasema tuheshimiane.

Akainua uso. "Wewe mzee?" akasema. "Wewe utakuwa umeshatangulia zamani. Kaburi lako tutakuwa tumelipandia ming'oko. Baba atakuwa anachimba anakula!"

Mtani wangu alirudi nyuma hatua moja. Kisha akacheka, akapiga paja, akamkumbatia akamwangusha, kijiwe kizima kikapiga kelele, muuza kahawa akamwaga birika. Na mimi nilicheka.

Lakini nilikuwa naangalia. Mwanangu huyo ming'oko, viazi vyetu vya porini, hajaila tangu ana meno ya utoto. Tusi lile halikutoka Dar es Salaam. Nikamtafuta kwa macho yule mama muuza vitumbua. Alikuwa pembeni, amegeuka upande mwingine, anafuta meza ambayo ilikuwa safi.